Kuielewa Lugha ya Asembli kwa Kujenga Asembla ya Python

Wanaojifunza lugha ya asembli kwa njia iliyozoeleka huanza na orodha ya amri. Hukariri kwamba LDA hupakia thamani katika rejista (kijisanduku cha kuwekea namba ndani ya prosesa), kwamba STA huihifadhi katika kumbukumbu, kwamba JMP huruka, na baada ya wiki mbili huweza kunakili programu fupi na kuiona ikifanya kazi. Lakini ukimwuliza mmoja wao neno "rudi:" aliloliandika mwanzoni mwa mstari linakaa wapi ndani ya kompyuta wakati programu inapoendeshwa, hunyamaza, au hujibu kwamba limo humo humo pamoja na amri nyingine. Halimo. Lilikwisha kutoweka kabla prosesa haijagusa baiti ya kwanza.

Utata huo, kwa maoni yangu, una chanzo kimoja, nacho ni kuchanganya nyakati mbili: wakati ambapo asembla inageuza maandishi kuwa baiti, na wakati ambapo prosesa inaziendesha baiti hizo. Kitabu kinaweza kuieleza tofauti hii kwa aya nzima na msomaji akaikubali bila kuiona. Anayeandika asembla mwenyewe hana nafasi ya kuikosa, kwa sababu kazi yote ya wakati ule wa kwanza imo mikononi mwake, na akiifanya vibaya ataona matokeo yake katika wakati wa pili.

Nimeijaribu njia hii na vijana wachache tunaokutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha steshenari moja ya Majengo, Moshi. Wengi wao walikuwa wamekwisha kujifunza Python chuoni, na swali lao la kwanza lilikuwa la haki kabisa: "Sasa mwalimu, kama tunataka kujua lugha ya chini, kwa nini tuanzie juu? Si tunakwenda kinyumenyume?" Jibu ni kwamba asembla haigusi rejista wala haifanyi hesabu za programu inayoitafsiri. Ni programu ya maandishi: inasoma mistari, inakata maneno, inatafuta maneno hayo katika jedwali, inahesabu baiti, inaandika faili. Kazi za namna hiyo Python huzifanya kwa wepesi, kwa hiyo mwanafunzi hapotezi nguvu kupambana na chombo, bali anabaki na tatizo lenyewe.

Tena wazo la kuiachia mashine kazi hiyo ni la zamani. Kathleen Booth, aliyefanya kazi Birkbeck huko London, hutajwa miongoni mwa waasisi wa lugha ya asembli kwa kazi yake ya mwaka 1947. Kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, iliyoendesha programu yake ya kwanza Mei 1949, ilikuwa na amri 31 za kuanzia, zilizoandikwa na David Wheeler, ambazo zilisoma utepe wa karatasi wenye herufi na namba za kawaida na kuvigeuza kuwa amri za mashine. Kabla ya hapo binadamu ndiye aliyekuwa asembla.

Kuhusu prosesa ya kujifunzia, nilichagua 6502 ya kampuni ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975 kwa bei ya dola 25 na baadaye ikawa moyo wa kompyuta ya Apple II. Simu zinazouzwa mjini hapa zina prosesa za jamii ya ARM, na kompyuta zetu za mezani zina za jamii ya x86, na mtu anaweza kudhani ni busara kuanza na kile alicho nacho. Mimi sidhani hivyo. Amri moja ya x86 inaweza kuwa na urefu wa baiti 1 hadi 15, na kanuni za kuutambua urefu huo zingetula miezi. Prosesa ya 6502 ina majina ya amri 56 tu, na kila amri ina baiti 1, 2 au 3. Jedwali lake zima linaenea katika kurasa mbili za kaunta buku, na programu za kuigiza kazi yake juu ya kompyuta ya kawaida zinapatikana bure.

Hatua ya kwanza huonekana rahisi kuliko ilivyo. Mwanafunzi anafikiri atatengeneza kamusi ambayo kila jina la amri lina namba yake, halafu kazi imekwisha. Kisha anagundua kwamba LDA haina namba moja. Ukiandika LDA #$05, maana yake ni "pakia namba 5 yenyewe", na baiti ya kwanza ni A9. Ukiandika LDA $05, maana yake ni "pakia kilichomo katika anwani ya 5", na baiti ni A5. Ukiandika LDA $0205, anwani imezidi 255 na haienei katika baiti moja, kwa hiyo amri inakuwa ya baiti tatu na ya kwanza ni AD. (Alama ya $ huonyesha namba ya msingi wa 16, na alama ya # huonyesha kwamba namba inachukuliwa kama thamani.) Jina ni moja, namba ni tofauti, na kinachoamua ni aina ya kitu kinachofuata.

Kwa mtu anayesema Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni. Tunasema "ninakikata" tukiwa na kitambaa, "ninaukata" tukiwa na mti, "ninalikata" tukiwa na chungwa. Mzizi "kat" haubadiliki. Kinachobadilika ni kiambishi cha yambwa kilichoingia katikati, nacho hufuata ngeli ya kitu kinachokatwa. Sikuutaja mfano huu kwa ajili ya kupamba. Ziandike zile namba tatu za LDA kwa msingi wa 2 uone:

    A9 = 101 010 01   thamani yenyewe
    A5 = 101 001 01   ukurasa sifuri (anwani ya baiti moja)
    AD = 101 011 01   anwani kamili

Biti tatu za mwanzo na mbili za mwisho ni mzizi wa LDA, na biti tatu za katikati ni kiambishi cha yambwa. Badilisha zile tatu za mwanzo ziwe 100 na umepata STA: 85 kwa ukurasa sifuri, 8D kwa anwani kamili. Na ukijaribu kuunda STA ya thamani yenyewe kwa kanuni hiyo hiyo, utapata 89, namba ambayo watengenezaji hawakuipa kazi ya STA, kwa sababu kuhifadhi kitu ndani ya namba 5 hakuna maana. Si amri zote zinazofuata mpangilio huu kwa unyoofu, kama vile ambavyo si nomino zote zinazotii ngeli zake, lakini aliyeuona mara moja haoni tena jedwali la amri kama orodha ya kukariri.

Kamusi ya asembla basi inakuwa na ufunguo wa sehemu mbili, jina na aina ya yambwa:

    misimbo = {
        ("LDA", "thamani"): 0xA9,
        ("LDA", "sifuri"):  0xA5,
        ("LDA", "kamili"):  0xAD,
        ("STA", "sifuri"):  0x85,
        ("STA", "kamili"):  0x8D,
    }

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika tulipokuwa tumefika hapo, na betri ya laputopu iliyokuwa na kazi yetu ilikwisha kufa siku nyingi. Tulitumia muda huo kufanya kwa kalamu kile ambacho programu yetu ingefanya, na sasa nalipendekeza zoezi hilo hata kwa mwenye umeme. Programu ilikuwa hii, na tulikubaliana kwamba itaanza kukaa katika anwani $0600:

            LDX #$05
    rudi:   DEX
            BNE rudi
            STX $0200
            BRK

LDX inaweka 5 katika rejista X, DEX inapunguza moja, BNE inarudi nyuma iwapo tokeo si sifuri, STX inahifadhi sifuri iliyobaki, BRK inaikatiza programu, nasi tuliitumia kuisimamisha. Mstari wa kwanza ni A2 05, baiti mbili, kwa hiyo unaofuata unaanza $0602. DEX haina yambwa. Ni CA peke yake, na BNE inaanza $0603. BNE ni D0 ikifuatwa na baiti moja ambayo tuliiacha wazi kwanza. STX inaanza $0605, nayo ni 8E ikifuatwa na anwani iliyopinduliwa: 00 02, si 02 00. Prosesa hii huweka baiti ndogo mbele, kama sisi tunavyoandika tarehe kabla ya mwezi na mwezi kabla ya mwaka. Mpangilio huo una faida yake, kwa kuwa pale ambapo anwani inapaswa kuongezwa thamani ya rejista, prosesa inaweza kuanza kujumlisha upande mdogo huku ikiisubiri baiti kubwa ifike. BRK ni 00, katika $0608. Jumla ni baiti tisa.

Hapo ndipo swali la "rudi" linapojijibu. Katika daftari kulikuwa na safu ya anwani, safu ya baiti, na safu ya maandishi, na mbele ya "rudi" katika safu ya baiti hakukuwa na kitu. Lebo haichukui nafasi. Ni jina tulilolipa anwani $0602 kwa ajili yetu wenyewe, na likishatumika kukokotoa zile baiti zinazoitegemea, hakuna anayelihitaji tena.

Kuhesabu huko kunaleta tatizo ambalo ndilo moyo wa asembla yoyote. Lebo ya "rudi" iko nyuma ya amri inayoitaja, kwa hiyo tulipofika kwenye BNE tulikuwa tunaijua anwani yake. Je, amri ikitaja lebo iliyo mbele, kwa mfano JMP mwisho, wakati "mwisho" uko mistari arobaini chini? Asembla haiwezi kuandika anwani ambayo bado haijaihesabu. Suluhisho la kawaida ni kuyapitia maandishi mara mbili. Pitio la kwanza haliandiki baiti hata moja. Linauliza tu kila mstari utachukua baiti ngapi, na kila likikutana na lebo linaandika jina lake na hesabu iliyofikiwa:

    anwani = 0x0600
    for mstari in mistari:
        if mstari.lebo:
            lebo[mstari.lebo] = anwani
        anwani += urefu(mstari)

Pitio la pili linaanza upya kutoka juu, likiwa na orodha kamili ya lebo mkononi, na ndilo linaloandika baiti. Ni kama kondakta mgeni anayesafiri mara moja kutoka Moshi hadi Arusha bila abiria, akiandika kilomita za Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River na Tengeru, ndipo safari ya pili aweze kumjibu abiria kabla gari halijatoka stendi.

Sasa ile baiti ya BNE tuliyoiacha wazi. JMP hubeba anwani kamili, sawa na abiria anayesema "nishushe Boma Ng'ombe". BNE na ndugu zake hubeba umbali tu, sawa na abiria anayesema "nishushe kituo cha tatu kutoka hapa". Umbali huo ni baiti moja yenye alama ya hasi au chanya, kuanzia 128 nyuma hadi 127 mbele. Na neno "hapa" ndilo lililomponza kijana mmoja wetu. Alichukua anwani ya lebo, $0602, akatoa anwani ya BNE, $0603, akapata hasi 1, ambayo kwa baiti moja ni FF. Asembla yake haikulalamika. Programu ilipoendeshwa ilipotea.

Tulifuatilia mwigo hatua kwa hatua. Prosesa inapofikia kuamua kama itaruka, imekwisha kuzisoma baiti zote mbili za BNE, na kielekezi chake cha programu (namba inayoonyesha anwani ya amri ijayo) kimekwisha kusogea hadi $0605. Kutoka hapo, moja nyuma ni $0604, na katika $0604 kuna nini? Kuna ile FF yenyewe, yambwa ya BNE. Prosesa iliruka ikatua katikati ya amri, ikaisoma FF kana kwamba ni amri, na FF haimo katika orodha rasmi ya amri za 6502. Hesabu sahihi huanzia kwenye amri inayofuata: $0602 kutoa $0605 ni hasi 3, na 256 kutoa 3 ni 253, yaani FD. Kijana yule alirekebisha mstari mmoja wa Python kwa kujumlisha 2, na nina hakika anajua sasa kielekezi cha programu hufanya nini, jambo ambalo nilikuwa nimelieleza mara mbili ubaoni bila mafanikio.

Kutokana na kikomo cha 127 asembla inapaswa pia kukataa lebo iliyo mbali mno, na kukataa kwa maneno yanayoeleweka. Mwandishi wa programu hukwepa kwa kugeuza sharti: badala ya BNE mbali, anaandika BEQ (kinyume cha BNE: huruka iwapo tokeo ni sifuri) inayoruka baiti tatu mbele, na katika baiti hizo tatu anaweka JMP mbali. Asembla nyingine hufanya hivyo zenyewe kimyakimya. Mimi sipendi asembla ya mwanafunzi ifanye hivyo, kwa sababu inaficha kile hasa alichokuja kukiona.

Kosa linalonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni lile linalotokana na ukurasa sifuri, yaani anwani 256 za mwanzo ambazo huenea katika baiti moja. Angalia mistari hii:

            STX idadi
    mwisho: BRK
    idadi = $10

Katika pitio la kwanza, asembla inafika kwenye STX bila kujua "idadi" ni kitu gani. Kwa tahadhari inadhani ni anwani kamili, inahesabu baiti tatu, na kuandika kwamba "mwisho" uko $0603. Kisha inakutana na idadi = $10. Katika pitio la pili inarudi kwenye STX, na safari hii inajua kwamba "idadi" ni $10, anwani ndogo, hivyo inachagua umbo fupi la baiti mbili, 86 10. BRK sasa inakaa $0602, lakini orodha ya lebo bado inasema $0603. Kila amri inayoruka kwenda "mwisho" itapitiliza kwa baiti moja, na kila lebo iliyo chini zaidi imesogea vivyo hivyo. Mistari yote ni sahihi ukiisoma mmoja mmoja. Kosa liko katika kwamba mapitio mawili hayakukubaliana.

Kuna namna mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kulazimisha kwamba majina ya ukurasa sifuri yatajwe juu kabla ya kutumiwa. Ya pili ni kuifanya asembla ikumbuke uamuzi iliouchukua katika pitio la kwanza na kuuheshimu katika la pili, hata kama umbo fupi lingetosha. Baiti moja itapotea, lakini hesabu itabaki moja. Vijana walichagua ya pili. Wakaongeza ukaguzi mdogo ambao ningeuweka katika asembla yoyote: pitio la pili linapokuta lebo, linalinganisha hesabu yake na ile iliyoandikwa mwanzo, na zikitofautiana linasimama na kutaja namba ya mstari.

Jambo la mwisho kuongeza lilikuwa amri ya kuweka baiti ghafi, tuliyoiita .baiti, kwa ajili ya maneno na majedwali. Haihitaji jedwali la misimbo wala aina ya yambwa. Asembla inanakili ilichopewa. Kijana yule yule wa FF aliandika neno HABARI, likifuatwa na sifuri ya kuonyesha mwisho wake: 48 41 42 41 52 49 00. Aliliweka katikati ya programu, kisha akasahau kuweka JMP ya kulivuka. Programu ilifika pale, ikapita, ikaendelea chini bila kusimama, isipokuwa rejista A ilitoka na thamani ambayo hakuna aliyeitegemea.

Tulichukua jedwali na kulisoma neno kama prosesa ilivyolisoma. Herufi H, 48, ni PHA: sukuma rejista A kwenye rafu, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda. Herufi A, 41, ni EOR (amri inayogeuza biti za rejista A kulingana na thamani nyingine) ya aina inayobeba baiti moja, na baiti hiyo ni B. A ya pili ni EOR tena, ikibeba R. Herufi I, 49, ni EOR ya thamani yenyewe, na thamani iliyoikuta ni ile sifuri ya mwisho, ambayo haibadilishi kitu. Amri nne halali, baiti saba, na baada yake prosesa ilikuwa imesimama barabara mwanzoni mwa amri iliyofuata.